Kliniki za kontena barabarani: nani atazilipia mfadhili akiondoka?

Mgonjwa wa kwanza wa mpox kutangazwa nchini Kenya hakupatikana Nairobi wala Mombasa. Alipatikana kwenye kituo cha mpakani cha Taveta, ng'ambo ya Holili, na Wizara ya Afya ikatoa taarifa tarehe 31 Julai 2024. Maelezo yalikuwa mafupi: ni msafiri aliyetoka Uganda, akapita Kenya, akielekea Rwanda. Asiyejua biashara ya ukanda huu angejiuliza mtu wa kutoka Uganda kwenda Rwanda anatafuta nini Taveta. Wasomaji wa ukurasa huu hawatauliza.

Mwezi huohuo Burundi, Rwanda na Uganda nazo zilithibitisha wagonjwa wao wa kwanza. Aina hiyo mpya ya kirusi ilikuwa imeanza kusambaa Septemba 2023 huko Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika Kivu Kusini. Kutoka machimboni ilifuata barabara. Tarehe 13 Agosti 2024 Kituo cha Afrika cha Kudhibiti Magonjwa kilitangaza dharura ya bara zima, na siku iliyofuata Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza dharura ya kimataifa.

Katika hayo yote lipo swali dogo ambalo halikuulizwa sana. Mtu anayekaa njiani siku nane au kumi, leo amelala Malaba, kesho Mlolongo, keshokutwa Himo, kituo chake cha afya ni kipi?

Jibu moja la kueleweka limewahi kutolewa, na halikutoka serikalini. Lilitoka kwa taasisi ya hisani iliyoweka kliniki ndani ya makontena kando ya barabara kuu. Kwa anayeishi kwa kuvuka mipaka, inafaa kujua kazi hiyo inakwendaje, imemfikia nani, imemwacha nani na fedha zake zinatoka wapi, maana kwenye fedha ndiko tatizo lilikolala.

Lawama kwanza, huduma baadaye

Wafanyabiashara wa mipakani wamezoea kutajwa kila ugonjwa unapoingia. Ukimwi ulipoonekana mkoani Kagera mwaka 1983, watu wa huko waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka, wilayani Rakai, miongoni mwa walioanza kudhoofu na kufa walikuwa wavuvi na watu wa magendo wa mwalo wa Kasensero. Mwaka 1989 ukachapishwa utafiti mdogo wa madereva wa malori na mataniboi 68 wa Afrika Mashariki: zaidi kidogo ya theluthi moja walikuwa na VVU. Tangu hapo dereva wa lori akawa mfano wa kila semina.

Mfano huo ulikuwa na ukweli ndani yake, kwa kuwa kazi ya safari ndefu, kulala gesti na kukaa mbali na familia huongeza hatari. Lakini ulikuwa na dhuluma pia. Dereva alihesabiwa kama chombo kinachobeba kirusi kutoka mji hadi mji, si kama mtu anayeumwa na kustahili tiba. Miaka ilipita watu wakimwogopa, wakimhubiria na kumbandikia mabango, na bado akifika Salgaa saa mbili usiku anakuta zahanati imefungwa tangu alasiri.

Hali hiyo ilirudi mwaka 2020. Wakati wa korona, foleni ya malori Malaba ilifika makumi ya kilomita madereva wakisubiri majibu ya vipimo. Nchi zilibishana kuhusu cheti cha nani kiaminiwe. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa watu, ikaacha mizigo tu ipite, na dereva wa mzigo naye sharti apimwe. Jumuiya ya Afrika Mashariki baadaye ikaja na mfumo wa pamoja wa kielektroniki wa kutambua madereva na majibu yao, ukapunguza kelele. Maabara tisa za kuhamishika ambazo EAC ilizigawa kwa nchi wanachama zililipiwa na Ujerumani kupitia benki yake ya KfW. Hata kipimo cha kumruhusu dereva wetu avuke mpaka wetu kilitokana na mkoba wa mwingine.

Mchuuzi mdogo wa kuvuka kwa miguu hakupata hata foleni. Lori la saruji liliendelea kupita, lakini mama wa mitumba au wa dagaa alifungiwa kabisa, na wengi walioendelea walipitia njia za panya, ambako hakuna kipimajoto wala ofisa wa afya. Yeyote aliyekuwa Busia au Namanga mwaka ule anakumbuka bei ya bidhaa ilivyoruka. Hasara hiyo ndiyo bei ya kukosa kinga iliyopangwa mapema. Wanaosema huduma ya kinga ni ghali wangeihesabu kwanza.

Ilianza kwa kukosa madereva

Taasisi ninayoizungumzia ni North Star Alliance, wakfu ulioandikishwa Uholanzi mwaka 2006. Asili yake haikuwa hospitali wala kanisa. Mwaka 2002 kusini mwa Afrika kulikuwa na njaa kali, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilihitaji malori ya kusambaza nafaka. Mwaka huohuo kampuni ya usafirishaji ya Uholanzi, TNT, ilikuwa imeanza ushirikiano na WFP. Wakagundua kitu ambacho wenye malori wa Malawi, Zambia na Msumbiji walikuwa wakikijua: magari yapo, madereva hawatoshi. Wengine walikuwa wagonjwa, wengine wamekufa. Chakula kilikuwa ghalani na barabara ilikuwa wazi, lakini mtu wa kushika usukani alikosekana.

Kliniki ya kwanza iliwekwa mwaka 2005 Mwanza. Msomaji wa Kanda ya Ziwa asijipongeze, ni Mwanza ya Malawi, mji wa mpakani na Msumbiji. Baadaye wakfu ukaungwa mkono na shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na Ukimwi (UNAIDS) na Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Usafirishaji, ukasambaa kusini na mashariki mwa Afrika. Nchini Kenya uliweka vituo Jomvu, Emali, Mlolongo, Maai Mahiu, Salgaa na Burnt Forest. Ukimtajia dereva yeyote wa njia ya Mombasa orodha hiyo, atakwambia mara moja ni nini inachofanana: ndiko malori yanakolala.

Hapo ndipo penye akili ya mpango huu. Kontena la mizigo hukatwa milango na madirisha, hupakwa rangi ya buluu, hugawanywa chumba cha kusubiri na chumba cha daktari, kisha huwekwa pembeni mwa maegesho. Likikosea mahali, hunyanyuliwa na kreni na kupelekwa pengine. Saa za kazi hufuata saa za malori, yaani jioni na usiku, si saa mbili asubuhi hadi tisa alasiri kama ofisi ya serikali. Dereva hulazimiki kumuaga bosi wala kuacha mzigo bila mlinzi kutwa nzima. Anavuka uwanja, anapimwa, anarudi garini.

Huduma zenyewe ni za kawaida, na ukawaida huo ndio faida yake: kupima VVU na kutoa dawa, kutibu magonjwa ya zinaa, kupima malaria na kifua kikuu, kupima presha na sukari, kufunga kidonda. Wanawake wanaouza ngono kwenye vituo hivyo vya malori wanahudumiwa kwenye mlango uleule, bila kuulizwa maswali ya polisi. Watu wa mji jirani nao huingia. Pamoja na wahudumu wa ndani kuna waelimishaji rika wanaozunguka kwenye baa na gesti, ambao wengi wao ni watu wa mazingira yaleyale. Wizara ya afya ikituma mtu wa suti kwenye maegesho ya Maai Mahiu saa nne usiku kuzungumzia kondomu, sidhani atasikilizwa.

Mambo mawili zaidi yanastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo magumu kwa serikali kuyafanya peke yake.

La kwanza ni kumbukumbu. Dereva anayeandikishwa kituo kimoja faili lake hufunguliwa kituo kingine, hata nchi nyingine, kupitia mfumo wa kielektroniki unaoitwa COMETS. Kwa mwenye presha au anayetumia dawa za kufubaza VVU, hili si jambo dogo. Dawa zikiisha katikati ya safari na hospitali ya ugenini haikujui, unakatisha tiba. Ukikatisha tiba ya VVU mara kadhaa, dawa zinaanza kukataa. Ukikatisha ya presha, unaweza kuanguka ukiwa na tani 28 nyuma yako kwenye mteremko.

La pili ni umbali kati ya kituo na kituo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Erasmus, Rotterdam, walikaa na taasisi hii wakatafuta hesabu ya mahali pa kuweka kliniki mpya. Waligundua kwamba kuweka kituo penye malori mengi peke yake hakutoshi. Mgonjwa wa kudumu anahitaji msururu wa vituo asiotoka nje yake kwa muda mrefu kiasi cha kuhatarisha maisha. Kituo kimoja kisicho na mwenzake mbele ya safari kinaweza kuhudumia watu wengi, lakini kinamwacha mwenye ugonjwa wa kudumu njia panda. Kwa lugha yetu, kliniki ya barabara ni kama kituo cha mafuta: kinachokuokoa ni kujua kingine kiko mbele kabla tangi halijakauka.

Na je, watu wanakuja? Utafiti uliofanywa kwenye kliniki mbili za taasisi hii nchini Kenya uliwahusisha madereva 305. Baadhi walipewa kipimo cha VVU cha kawaida tu, wengine walipewa uchaguzi, ukiwamo wa kujipima wenyewe kwa ute wa mdomoni. Waliopewa uchaguzi walikubali kupima kwa wingi zaidi. Wanaodai madereva hawajali afya yao wana kazi ya kueleza matokeo hayo. Mtu anayeogopa kuonekana kwenye foleni akipewa njia ya faragha, hupima.

Mama wa Busia hayumo kwenye picha

Pamoja na sifa hizo, wakfu huu ulijengwa kwa kumtazama dereva. Fedha za mwanzo zilitoka kwa watu wa usafirishaji, na tatizo lililoonekana lilikuwa la usafirishaji. Kliniki ikawekwa panapolala malori. Wafanyabiashara wadogo, ambao wengi wao ni wanawake, hawalali panapolala malori. Wanavuka asubuhi na kurudi jioni, au wanalala sokoni juu ya magunia yao, au kwa jamaa upande wa pili.

Mahitaji yao pia ni tofauti. Anayebeba mzigo kichwani kila siku kati ya Goma na Rubavu anaumwa mgongo na magoti. Mjamzito anayeuza nyanya Sirari na kulala Isebania anahitaji kliniki ya wajawazito itakayotambua kadi yake pande zote mbili. Mtoto aliye mgongoni mwake anahitaji chanjo kwa tarehe, na tarehe hiyo inaweza kuangukia siku ya soko upande wa pili. Kwa wanawake wengi wa mipakani, saratani ya shingo ya kizazi ni tishio kubwa kuliko yale yanayotajwa kwenye matangazo ya mpakani, na kuichunguza mapema ni kazi ya dakika chache kwa muuguzi aliyefundishwa. Sioni sababu kontena la namna ileile lisiwekwe kando ya soko la mpakani, lifungue asubuhi badala ya usiku, likiwa na mkunga ndani yake.

Wasomaji watasema serikali zina mipango ya afya ya jamii. Zinayo, na ni mikubwa. Septemba 2023 Kenya ilizindua jeshi la wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakiwa na mikoba ya vipimo na simu za kuandikia kumbukumbu. Januari 2024 Tanzania nayo ilizindua mpango wa kupata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Ni hatua nzuri, na mipango yote miwili inashika msingi mmoja: kaya. Mhudumu wa Kenya amepangiwa kaya zipatazo 100. Wa Tanzania amepangiwa kitongoji au mtaa. Anabisha hodi, anapima presha ya baba, anauliza chanjo ya mtoto.

Akibisha hodi kwa mfanyabiashara wa mpakani, mwenyewe hayupo. Yuko safarini, na huko aliko yeye si wa kaya ya mtu. Mhudumu wa Namanga ya Kenya hamhesabu kwa sababu ni mgeni, na wa Namanga ya Tanzania hamhesabu kwa sababu atarudi kwao jioni. Mchango mkubwa wa wakfu ule wa Uholanzi, kuliko makontena yenyewe, ni kwamba uliichukulia barabara kuwa jamii yenye wakazi, hata kama wakazi wake wanabadilika kila usiku.

Bima inakwama penye kizuizi

Ukiwa na shehena isiyozidi dola 2,000 iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, cheti rahisi cha uasili kinakuvusha bila kulipa ushuru wa forodha. Bidhaa imepata hati yake. Mwenye bidhaa hajapata.

Mkenya anachangia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza kazi Oktoba 2024, kwa kiwango cha asilimia 2.75 ya kipato na si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mnyarwanda ana Mutuelle de Santé, ambayo imefika karibu kila kijiji. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wake Machi 2021, haukusainiwa kuwa sheria. Kadi hizi zote, kwa mwananchi wa kawaida, nguvu yake inaishia kwenye kizuizi cha mpaka. Mwenye SHA akianguka kwa sukari Mutukula analipa taslimu kama mtalii. Tuna Itifaki ya Soko la Pamoja tangu Julai 2010, tumejenga vituo vya pamoja vya mpakani ambako maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja, na bado matibabu ya mtu aliyesimama katikati yao hayana pa kuandikwa.

Hati ya afya inayovuka mipaka yetu kweli ni kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Hapa kuna jambo la manufaa kwa wengi: tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa marekebisho ya kanuni za kimataifa za afya, kadi hiyo ni ya maisha yote, hata kama ilitolewa zamani na imeandikwa miaka kumi. Ukiambiwa imekwisha muda na unatakiwa kuchanjwa upya au "kuongea vizuri", una haki ya kukataa kwa adabu na kuomba kuonana na msimamizi wa afya wa kituo.

Kontena halili, muuguzi anakula

Turudi kwenye fedha. Kununua kontena na kulipaka rangi ni sehemu rahisi, na wafadhili hupenda kupigwa picha mbele yake. Gharama inayouma ni ya kila mwezi: mshahara wa muuguzi wa zamu ya usiku, umeme, dawa, intaneti ya mfumo wa kumbukumbu, nauli za waelimishaji rika. Wafadhili wengi hulipia mradi wa miaka mitatu au mitano, kisha wanataka jambo jipya. Tena kila fedha huja na jina la ugonjwa wake. Fedha ya VVU inalipia VVU. Mwenye presha anakuta kipimo kipo lakini hakuna vidonge, kwa kuwa presha haina mfadhili wake.

Hatari ya utaratibu huo ilionekana Januari 2025. Serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje tarehe 20 Januari, na amri za kusitisha kazi zikafuata. Mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR, ambao tangu 2003 ndio ulikuwa nguzo ya dawa na vipimo katika ukanda huu, ulitikisika. Nchini Kenya vituo kadhaa vilivyokuwa vikihudumia wauza ngono na makundi mengine yenye hatari kubwa vilifunga milango ndani ya siku chache. Ruhusa ya kuendelea na huduma za kuokoa maisha ilitolewa baadaye, lakini kinga iliwekwa nyuma ya foleni. Kufikia Julai 2025 shirika la misaada la USAID lilikuwa limefungwa rasmi.

Sina ugomvi na mfadhili anayeamua kuondoka. Fedha ni zake na wapiga kura ni wake. Swali ni kwa nini uhai wa njia kuu ya biashara ya watu zaidi ya milioni 300 utegemee kura za Ohio.

Ipo mifano ya kuondoka vizuri. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2006 na rais huyo mstaafu, ilijishughulisha na kuajiri wahudumu wa afya na kuwapeleka wilaya za pembezoni zilizokimbiwa na wataalamu. Lengo lilikuwa waje kupokelewa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Taasisi inatangulia, serikali inafuata na kubeba. Kwa zahanati ya kijiji mpango huo unawezekana kwa sababu kijiji kina mkurugenzi wa halmashauri wa kukibeba. Barabara haina halmashauri. Kaunti ya Nakuru itauliza kwa nini ilipe muuguzi wa Salgaa anayetibu madereva wa Kampala na Kigali, na ukiwa mkweli utakiri kwamba ni swali la haki.

Kwa hiyo mlipaji inabidi atafutwe kwenye barabara yenyewe. Tufanye hesabu moja. Tangu Julai 2024 kila lita ya mafuta Kenya ina tozo ya matengenezo ya barabara ya shilingi 25. Lori likitoka Mombasa hadi Malaba, kilomita zipatazo 920, kwa ulaji wa lita 45 kila kilomita 100, linatumia lita zaidi ya 400. Tozo peke yake ni zaidi ya shilingi 10,000 za Kenya kwa safari ya upande mmoja. Asilimia moja ya hiyo ni shilingi mia moja kwa safari, chini ya bei ya chakula cha dereva kwenye hoteli ya kando ya njia. Ukizidisha kwa malori yanayopita Malaba na Busia kila siku, unapata mishahara ya wauguzi wengi wa usiku.

Sheria ya sasa inaielekeza tozo hiyo kwenye barabara, si kwenye watu wanaoipita, na kuibadilisha kunahitaji Bunge. Na sipendekezi tozo mpya juu ya zilizopo. Baada ya yaliyotokea mitaa ya Nairobi Juni 2024 kwa sababu ya muswada wa fedha, waziri mwenye busara hatathubutu, na wafanyabiashara mmeshakamuliwa vya kutosha. Ninachosema ni kipande cha kilichokwisha kulipwa. Matengenezo ya barabara yanajumuisha alama, taa na mizani, na nashindwa kuona kwa nini afya ya anayeendesha isiwe ndani yake.

Upande wa wenye malori nao hauko salama. Kampuni kubwa zinaweza kulipia kila dereva ada ndogo ya mwaka kwenye msururu wa kliniki na kuirudisha kwa kupunguza safari zinazokatika njiani. Wenye lori moja au mawili, ambao ndio wanaobeba mizigo ya wengi wenu, hawatafanya hivyo peke yao. Vyama vyao vinaweza. Vyama vya wafanyabiashara wadogo wa mipakani vinaweza pia, kwa njia ileile ya michango vinayotumia kwenye misiba na vikoba: chama kinachokwenda kwa mganga mkuu wa wilaya na orodha ya wanachama 200 wanaovuka kila siku, kikitaka siku moja ya kliniki sokoni kwa juma, kinasikilizwa kuliko mtu mmoja anayelalamika dirishani.

Sekretarieti ya Arusha ina kazi yake hapo. Kutengeneza bima moja ya Afrika Mashariki kutachukua miaka mingi, na huenda kusifanikiwe kabla ya wengi wetu kustaafu. Lakini mawaziri wa afya wanaweza kukubaliana jambo dogo, kwamba kadi ya wajawazito, kadi ya chanjo ya mtoto na daftari la mgonjwa wa VVU, kifua kikuu, presha au sukari vitambuliwe katika vituo vya afya vilivyo mipakani, na mgonjwa apewe dawa za kumfikisha nyumbani. Wakati wa korona walikubaliana kuhusu majibu ya kipimo cha dereva kwa miezi michache tu, baada ya foleni kuwaaibisha. Mfumo waliouunda ulikuwa wa kumzuia mgonjwa asipite. Kuugeuza umsaidie mgonjwa apite salama ni suala la uamuzi, teknolojia imeshaonekana inawezekana.

Mawaziri wa fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania husoma bajeti zao mwezi Juni, kwa kawaida Alhamisi moja. Kabla ya hapo kamati za Bunge hupokea maoni ya wananchi, na kwa Kenya ni takwa la katiba. Viongozi wa vyama vya Busia, Malaba, Namanga, Holili na Sirari wanaokwenda huko hubeba orodha ya ushuru wanaotaka upunguzwe. Mwaka huu waongeze mstari mmoja unaouliza wizara ya afya imetenga kiasi gani kwa kliniki za mipakani na za kando ya barabara kuu, kutoka fedha za ndani, mbali na za mfadhili.